Kuchi Watatu Kutoka Kibondo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Pelagia alikuwa na kazi tatu. Aliteka maji bondeni, alifagia uwanja, kisha alifungua banda la kuku. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda. Aliondoa gogo lililozuia mlango, akarudi nyuma hatua mbili, na kuku wake kumi na mmoja wakatoka wakisukumana. Hakuwamwagia mtama mara moja. Kwanza aliwatazama mmoja mmoja: yupi anachechemea, yupi amejikunyata, yupi amebaki ndani wakati wenzake wametoka. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na bibi yake kabla hajafariki.

Pelagia alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka huo wa 1976 alisoma darasa la sita. Aliishi na mama yake, Maximilla, katika kijiji cha Kigarama, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mjini Kasulu. Baba yake alifanya kazi Tanga katika mashamba ya mkonge na alirudi nyumbani mara moja kwa mwaka. Tangu watu walipohamia katika vijiji vya ujamaa, nyumba za Kigarama zilikaa kwa mstari kando ya barabara. Kuku wa nyumba hii walichakura katika uwanja wa nyumba ile, na hakuna aliyelalamika.

Jirani wa karibu zaidi alikuwa Bibi Havyarimana, mjane aliyekimbia machafuko ya Burundi mwaka 1972 akiwa na kanga mbili tu. Alikuwa na kuku wanne. Mayai yao ndiyo yaliyompatia chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Alisema Kirundi, Pelagia akamjibu kwa Kiha, wakaelewana bila shida.

Kuku wa Pelagia walikuwa wa kawaida, wadogo wa umbo. Yeye alitamani kuku wa kuchi. Aliwaona mjini kwa Bi Mwajabu, mke wa mwenye duka la nguo, ambaye ndugu zake wa Tabora walimletea mbegu hiyo. Jogoo wake alisimama wima kama askari kwenye gwaride. Shingo ilikuwa ndefu, miguu minene, upanga wa kichwani mdogo kama punje ya njugu, na macho makali. Mitetea wake walikuwa wakubwa kuliko majogoo wa Kigarama. Kifaranga mmoja wa kuchi akikua vizuri aliweza kubadili banda zima, kwa kuwa watoto wake wangekuwa wakubwa kila mwaka.

Pelagia alimwomba Bi Mwajabu amuuzie jogoo na mitetea. Bi Mwajabu hakukataa, ila alimwambia asubiri miezi mitatu. Vifaranga walikuwa bado wadogo, na yeye hakumuuza kuku yeyote kabla hajamwona akikua. Tena kulikuwa na watu wawili waliotangulia kuomba. Pelagia alirudi nyumbani akiburuta miguu. Miezi mitatu aliiona kama miaka mitatu.

Mwezi wa Mei mjomba wake, Reverien, alikuja kuwatembelea kutoka Kibondo, alikokuwa seremala. Hakuna mtu ambaye Pelagia alimpenda kama mjomba huyo. Ndiye aliyemfundisha kusoma kabla hajaanza shule, akiandika herufi kwa mkaa juu ya mabaki ya mbao. Siku walipohamishiwa Kigarama, wakati kila mtu alihangaika na mizigo yake, ndiye aliyembeba bibi mgonjwa mgongoni njia nzima. Aliposikia habari za kuchi, alicheka. Alisema yeye mwenyewe alikuwa nao Kibondo, kuku kumi, na hakuona sababu ya mpwa wake kupanga foleni kwa watu wa nje. Pelagia alikuwa na mbuzi jike aliyepewa na baba yake. Wakapatana kwamba likizo ikifika, atampeleka mbuzi huyo Kibondo na kuondoka na jogoo mmoja na mitetea wawili.

Likizo ya Juni ilipofika, mama yake alimkabidhi kwa kondakta wa basi, mtu wa Kigarama, na mbuzi akapakiwa juu pamoja na mizigo. Pelagia alifika Kibondo alasiri, nguo zikiwa nyekundu kwa vumbi. Mjomba alimpokea kwa furaha, lakini ilikuwa furaha ya haraka haraka. Kuku watatu walikuwa tayari ndani ya tenga barazani, wamefunikwa kwa gunia. Pelagia alipotaka kwenda nyuma ya nyumba kuwaona waliobaki, mjomba alisema wametawanyika porini, asijisumbue. Epifania, binti wa mjomba, ambaye walilingana umri, alisimama karibu nao kana kwamba alikuwa na jambo la kusema. Baba yake akamtuma maji. Aliporudi, hakusema kitu.

Asubuhi Pelagia alipanda basi na tenga lake mapajani. Njia nzima aliinua gunia kidogo na kuchungulia. Jogoo alikuwa na shingo nyekundu iliyong'aa, na mitetea walikuwa wazito kama mawe. Aliwaza majina ya kuwapa.

Jioni ile aliwaingiza katika banda pamoja na kuku wake wengine. Jirani walikuja kuangalia. Bibi Havyarimana alimgusa jogoo kifuani, akasema kwamba kwao aliwahi kuona mmoja wa namna hiyo, wa chifu. Pelagia alilala akiwa na furaha.

Siku ya nne mtetea mmoja wa kuchi hakutoka bandani. Pelagia alimkuta ameinamisha kichwa, mabawa yameshuka, na chini yake kuna kinyesi cha kijani. Alimnywesha maji yenye pilipili kama watu walivyoshauri. Kufikia mchana kuku huyo alikuwa amekufa. Kesho yake jogoo alianza kukoroma alipovuta pumzi, na shingo yake ile nzuri ikapinda hadi kichwa kikatazama mgongoni. Akafa naye. Halafu ugonjwa ukaingia kwa kuku wa zamani, wale aliowapokea kwa bibi yake. Katika wiki moja kuku wake kumi na mmoja walibaki watatu, na kuchi hakubaki hata mmoja.

Haukuishia hapo. Kuku walikufa kwa jirani wa kulia, wakafa kwa jirani wa kushoto. Siku moja asubuhi Pelagia alimwona Bibi Havyarimana ameketi kwenye kizingiti chake, na kuku wake wanne wamelazwa mbele yake kwa mstari. Hakulia. Alikuwa akiwatoa majani yaliyoganda kwenye manyoya.

Mama yake Pelagia aliagiza mtu mjini amwite bwana mifugo. Alikuja siku iliyofuata kwa baiskeli, mtu mwembamba aitwaye Bazilio. Alimtazama kuku mmoja aliyekuwa akifa, akasema hicho ni kideri, na kuku akishaugua hakuna dawa. Aliamuru mizoga izikwe katika shimo refu na majani ya bandani yachomwe moto. Kuku aliyebaki asiuzwe wala asitolewe kijijini, na mtu yeyote asilete kuku mpya kabla ya miezi mitatu kupita. Kisha akamuuliza Pelagia kama aliingiza kuku wageni hivi karibuni. Pelagia alijibu ndiyo, kutoka Kibondo, kwa mjomba wake.

"Uliwatenga kwanza, angalau wiki mbili?"

"Hapana. Walikuwa wa mjomba wangu."

Bwana Bazilio hakumkemea. Alisema tu kwamba kideri hakijui undugu, akapanda baiskeli yake.

Kuanzia siku hiyo Pelagia alijua kwamba yeye ndiye aliyeleta ugonjwa. Wanawake kisimani walinyamaza alipokaribia. Lakini hakumfikiria mjomba kwa ubaya. Aliamini kwamba mjomba naye hakujua, na huenda kuku wake walikuwa wakifa vilevile, maskini. Alitaka hata kumwandikia barua ya kumpa pole.

Kabla hajaandika, kondakta alimletea barua kutoka Kibondo. Ilikuwa ya Epifania, imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari.

Epifania aliandika kwamba hakuwa na amani tangu siku ile. Alitaka kumwambia, lakini baba yake alimtuma maji, na baadaye akamwonya asifungue mdomo. Siku ile Pelagia alipofika, walikuwa wamekwisha kuzika kuku saba nyuma ya nyumba. Wale watatu walikuwa wametengwa barazani kwa kuwa walikuwa bado wanakula. Baba yake alisema ni afadhali wapate mwenyewe kabla hawajaharibika. "Nieleze kuku wako wanaendeleaje," Epifania alimalizia. "Naomba Mungu wawe wazima."

Pelagia aliisoma barua mara tatu. Mara ya kwanza hakuelewa. Mara ya pili alielewa, na mara ya tatu alitafuta neno ambalo labda amelisoma vibaya. Hakulipata. Mtu aliyemwandikia herufi za kwanza maishani mwake ndiye aliyemfunikia kuku wagonjwa kwa gunia. Angekuwa mchuuzi wa sokoni, angemtukana moyoni na kusahau. Huyu hakujua amweke wapi.

Alimpa mama yake barua. Mama aliisoma polepole, akaikunja, akaiweka ndani ya kitenge.

"Usimwonyeshe mtu," mama alisema. "Reverien ni ndugu yangu wa tumbo moja. Watu wakijua, aibu ni yetu sote."

"Na Bibi Havyarimana je, Mama?"

Mama aliinuka. Alichukua jembe akaenda shambani. Hapo Pelagia alihisi kwamba amebaki peke yake kabisa.

Siku mbili baadaye alipita mchuuzi wa kuku kutoka Manyovu akisukuma baiskeli yenye matenga mawili matupu. Hakuwa na habari za kideri. Aliona wale kuku watatu waliobaki, ambao walionekana wazima, wakichakura karibu na jiko. Aliuliza bei. Mama alikuwa anapepeta maharage. Alimwambia Pelagia kwa sauti ya chini awakamate na kuwafunga miguu. Nyumbani hakukuwa na chumvi, na baba alikuwa hajatuma kitu tangu Pasaka.

Pelagia aliwakamata. Aliwafunga miguu kwa kamba ya mgomba. Kichwani mwake maneno yalikuja yenyewe: bado wanakula, huyu mtu anakwenda mbali, na mimi pia nilifanyiwa hivi. Alimfikia mchuuzi, akanyoosha mkono kumpa kuku wa kwanza. Mchuuzi alimpokea kuku bila kumkagua, akasema asante, binti.

Pelagia akashika mguu wa yule kuku kabla hajaingia katika tenga.

"Usiwanunue," alisema. "Wamelala banda moja na waliokufa kwa kideri. Kijiji chote kina ugonjwa. Bwana mifugo amekataza."

Mchuuzi alimtazama yeye, akamtazama mama yake. Alimrudisha kuku taratibu, akafuta viganja kwenye suruali. Alisema nyumbani kwake Manyovu alikuwa na kuku ishirini, na watoto wake walisoma kwa kuku hao. Alimshukuru, akageuza baiskeli na kurudi njia aliyojia bila kusimama nyumba nyingine.

Mama aliendelea kupepeta maharage ingawa yalikuwa yamekwisha kuwa safi. Kesho yake asubuhi kuku mmoja kati ya wale watatu aliamka shingo imepinda. Baada ya siku tano hakukuwa na kuku hata mmoja katika uwanja wao, na asubuhi za Pelagia zikawa na kazi mbili tu.

Siku waliyomzika wa mwisho, mama aliweka jembe chini, akasema, "Yule mtu wa Manyovu angewakuta wamekufa ndani ya tenga. Au angewafikisha kwake. Na mimi ndiye niliyekutuma uwafunge." Aliitoa barua ya Epifania kitengeni, akaenda nayo kwa Bibi Havyarimana. Pelagia alimfuata. Mama alisoma barua yote kwa sauti, hata pale palipomwaibisha ndugu yake.

Pelagia alipiga magoti akaomba radhi. Bibi Havyarimana alimshika bega, akasema kwa Kirundi, "Wewe hukujua, mwanangu. Aliyejua ni mwingine. Huyo ndiye aje apige magoti."

Mama alituma ujumbe Kibondo kupitia kondakta. Baada ya wiki moja Reverien alishuka kwenye basi akiwa na begi lake la zana na mbuzi wa Pelagia. Alikuwa amekonda. Alitaka kuingia ndani kama kawaida, lakini mama alimwekea kigoda uwanjani, mahali ambapo Bibi Havyarimana na jirani wengine walikuwa wameketi.

"Reverien, sikukuita tusalimiane," mama alisema. "Mwambie mtoto ulichomfanyia. Useme mwenyewe."

Mjomba aliketi kwenye kigoda. Alieleza kwamba alipoona kuku saba wamekufa, alichanganyikiwa. Kuku hao ndio aliotegemea kununulia mbao. Alijiambia kwamba wale watatu hawajaguswa, kwamba labda watapona wakifika mahali pengine. Kila alipotaka kumwambia Pelagia ukweli, alimwona mbuzi, akanyamaza.

"Mjomba, ungeniambia, ningerudi na mbuzi wangu," Pelagia alisema.  "Nisingekasirika. Ningekupa pole. Mimi nilitaka kukuandikia pole."

Reverien alifunika uso kwa mikono. Kisha aliinuka, akaenda kupiga magoti mbele ya Bibi Havyarimana, kisha mbele ya jirani mmoja mmoja. Si wote waliompokea. Mzee mmoja aliondoka bila kumtazama.

Alikaa Kigarama karibu mwezi mzima. Kuku hakuwa nao wa kulipa, lakini alikuwa na mikono. Alijenga mabanda mapya ya mbao, yaliyosimama juu ya miguu ili yasafishwe kwa urahisi, kwa kila nyumba iliyopoteza kuku. La Bibi Havyarimana alilijenga la kwanza. Pelagia alimpelekea chakula na kumsalimia kwa heshima, lakini hakukaa naye kuzungumza kama zamani. Mara kadhaa mjomba alianza kumsimulia jambo la kuchekesha, akaishia katikati.

Siku ya kuondoka, alimuuliza Pelagia kama amemsamehe.

Pelagia alifikiri. Hakutaka kusema uongo, hata ule wa kumfurahisha mtu.

"Nimekusamehe, Mjomba. Lakini kwa sasa, ukiniambia neno, nitamuuliza Epifania kwanza."

 "Ni haki yako," Reverien alisema, akabeba begi lake na kuelekea barabarani.

Miezi mitatu ilipopita, mama na Pelagia walikwenda mjini kwa Bi Mwajabu. Bi Mwajabu aliwapitisha moja kwa moja hadi bandani. Alimfundisha Pelagia kumfungua kuku mdomo na kutazama kama una ute, kukagua macho na pua, kuangalia manyoya ya nyuma kama ni masafi, na kumpapasa kifua. Kisha akamwambia, bila kuulizwa, kwamba mtetea mmoja kati ya wale aliowapenda aliwahi kuugua ndui akiwa kifaranga, na kwamba jogoo alikuwa na kucha moja iliyovunjika. Alitaka ajue kabla hajachagua. Pelagia alichagua jogoo yule yule mwenye kucha iliyovunjika, na mitetea wawili. Yule mbuzi akabaki kwa Bi Mwajabu kama malipo.

Nyumbani, Pelagia hakuwaingiza katika banda lake. Aliwafungia katika kibanda kidogo upande wa pili wa migomba kwa wiki mbili kamili, akawapa chombo chao cha maji, na akanawa mikono kila alipotoka kwao. Jirani walipokuja kuwaona, aliwaomba watazame kwa mbali. Walikula vizuri siku zote kumi na nne.

Mtetea wa kwanza alipotaga na kuatamia, vifaranga tisa walitoka. Wanne Pelagia aliwatenga kwa ajili ya Bibi Havyarimana. Vifaranga walipokua vya kutosha, jioni moja mama na Pelagia walimpelekea, na njiani Pelagia aliuliza kwa nini mjomba, mtu mwema, alifanya vile.

"Mtu mwema naye akiogopa hasara anaweza kudanganya," mama alijibu. "Hata mimi nilikaribia. Lakini uangalie jambo moja, mwanangu. Kuku mwenye kideri siku ya kwanza anasimama bandani kama wenzake. Uongo nao ni hivyo. Siku ya kwanza unaonekana mzima, unakula, unanenepa. Siku ya nne unaanza kuua, na hauchagui uwanja wa nani. Ndiyo maana ukweli husemwa mapema, kabla kuku hajatoka mkononi mwako. Na ukipokea kitu, hata kwa ndugu, kikague. Kukagua si kukosa upendo."

Bibi Havyarimana alikuwa amewasubiri mlangoni. Pelagia alimkabidhi vifaranga mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja alimweleza alivyomwona tangu atotolewe: huyu mlafi, huyu mpole, huyu mguu wake wa kushoto ni dhaifu kidogo, umtazame. Bibi Havyarimana alisikiliza yote, kisha akawaweka wote wanne katika banda lake jipya.